Masika ya Amplifaya

Jumatatu, 4 Machi

Daftari hili nimepewa na mwanangu. Kaniambia kila wasiwasi unaonijia niuandike humu kwanza, na kesho yake nikiona bado upo, ndiyo nimwambie. Nikamuuliza, na nikiona haupo? Akasema basi umepona bila dawa. Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wangu unapanda na kushuka kama njia ya mbuzi, lakini kusoma nasoma na kuandika ndiyo huku.

Wasiwasi wa kwanza: mvua zimeanza na bati la jikoni lina tundu. Wasiwasi wa pili ni mkubwa. Huu ni muhula wake wa mwisho katika chuo cha ufundi, na kila mwanafunzi anatakiwa atengeneze kitu kimoja kwa mikono yake mwenyewe. Wenzake wamechukua kengele za mlango, na taa zinazojiwasha giza likiingia. Huyu wangu kachukua amplifaya ya ukumbi wa chuo, ile mashine inayopokea sauti ndogo ya maikrofoni na kuitoa kubwa kwenye spika. Ya zamani imekufa. Yake ikifaulu itafungwa ukumbini na itatumika siku ya kuwaaga wahitimu. Isipofaulu, anarudia mwaka mzima.

Ningechagua mimi, ningechagua kengele ya mlango.

Ijumaa, 8 Machi

Meza yetu ni moja. Upande wa dirishani ni wangu, hapo napiga pasi mashati na mashuka ya nyumba ya wageni. Upande wa ukutani ni wake: waya, koleo, chuma cha kulehemu, na vidude vidogo kama punje za mtama ambavyo kimoja kikianguka tunapiga magoti wote na kufagia kwa viganja. Baba yake ni mlinzi wa usiku, mchana analala chumbani, kwa hiyo tunagombana kwa kunong'ona.

Wifi yangu kapita akatukuta hivyo. Yeye anauza mitumba, mlango wa tatu kutoka kwetu, na ulimi wake hauna siku ya mapumziko. Akasema, "Wifi, kwani redio za dukani zimekwisha, mpaka mtoto aanze kuzifinyanga?" Nikamjibu kwamba hata nguo mpya zipo dukani, na bado watu wanakuja kwake. Akacheka, akaomba chai. Tukampa.

Jumatatu, 11 Machi

Mwalimu wake kamrudishia mchoro mara nyingine. Wanafunzi wanamwita Mwalimu Rudia, kwa sababu hilo ndilo neno analolijua kuliko salamu. Unampelekea kazi, anaiangalia kwa pembe ya jicho, anasema, "Rudia." Hasemi wapi pamekosewa. Nilisema huyu ana chuki na mtoto wangu. Mwanangu akasema, "Mama, andika kwanza."

Nimeandika. Ana chuki.

Jumatano, 13 Machi

Leo mvua kutwa, mashuka yamekuja na unyevu, pasi inafuka kama sufuria. Nikamwomba anieleze hiyo mashine, maana nikielewa nitaogopa vizuri.

Akasema kukuza sauti si kazi, kazi ni kuikuza bila kuipotosha. Kwa hiyo mashine inachukua kidogo ya sauti inayotoka, inairudisha mlangoni, inailinganisha na ile iliyoingia. Ikiwa imezidisha, inapunguza. Ikiwa imepunguza, inaongeza. Hicho kinaitwa mrejesho. Nikasema hiyo naijua, huko si kuonja mchuzi? Unaonja, chumvi haitoshi, unaongeza.

Alifurahi mpaka akaacha koleo. Akasema ndiyo, sasa fikiria kijiko kinachelewa kufika mdomoni. Unaonja mchuzi wa tangu asubuhi. Ulimi unasema chumvi haipo, kumbe ulishaiweka zamani. Unaongeza. Kikija kijiko kingine kimejaa chumvi, unamwaga maji. Kumbe maji ulishamwaga. Unaongeza chumvi tena. Unaenda hivyo, chumvi, maji, chumvi, maji, kila safari kwa fujo zaidi, mpaka sufuria inafurika. Mashine nayo ikichelewa kujionja inafanya vivyo hivyo, inaanza kuyumba yenyewe kwa yenyewe hata kama hakuna mtu anayesema neno kwenye maikrofoni. Kazi ya fundi ni kuhakikisha habari inarudi mapema, na kuacha akiba, ili hata ikichelewa kidogo isifike huko kwenye kuyumba.

Halafu akaniangalia akasema, "Wewe mwenyewe ni amplifaya isiyo na mrejesho. Mimi nikikohoa mara moja, wewe unasikia kifua kikuu."

Baba yake akacheka kutoka chumbani. Kumbe hakuwa amelala.

Jumatatu, 18 Machi

Imeimba!

Kaiunganisha na kile kiredio chetu, kaweka spika mezani karibu na shati la watu, akawasha. Sauti ya msoma habari ikatoka safi kama amekaa kwenye stuli yetu. Mwanangu alisimama tu mikono kiunoni, kama bibi yake mzaa baba alivyokuwa akisimama akiangalia mahindi yake. Mimi nililia, nikasingizia mvuke wa pasi.

Sasa nimepewa kazi rasmi. Yeye akienda chuo, mashine inabaki inaimba mchana kutwa kwa sauti ndogo, na mimi namchunguzia joto. Nyuma ina bati lenye mbavu mbavu la kupoza transista kubwa, vile vidude vinavyokuza sauti. Nalowesha kidole na kugusa, kama ninavyopima pasi. Kidole kikinyamaza, salama. Kikisema tsss, nichomoe umeme.

Jumanne, 19 Machi

Imeimba. Vuguvugu.

Jumatano, 20 Machi

Imeimba. Vuguvugu. Tundu la jikoni limepata ndugu.

Ijumaa, 22 Machi

Imeimba. Umeme ulikatika mara nyingi, ukirudi nayo inarudi bila kununa. Wifi kaja kuisikiliza, akakaa mpaka kipindi cha taarabu kikaisha, akaondoka bila kutia neno. Kwa wifi, hiyo ni shahada.

Jumanne, 26 Machi

Sijui nianzie wapi. Leo ilikuwa siku ya majaribio ukumbini, mbele ya walimu wote na darasa zima. Asubuhi nilimpigia pasi blauzi mpaka kola ikawa inaweza kukata mkate. Mashine tuliifunga kwenye nailoni kwa ajili ya mvua, akaibeba kifuani kama kichanga.

Alirudi mchana. Niliona kwa mwendo wake kabla sijaona uso. Akaiweka mezani, akavua viatu, akaketi juu ya rundo la mashuka yangu safi na miguu yenye tope, na mimi sikusema kitu. Hapo mjue hali ilikuwaje.

Baba yake aliamka, tukakaa naye, akatusimulia kidogo kidogo. Kila mtu alikuwa ameweka kazi yake, kengele zililia, taa ziliwaka. Ikafika zamu yake. Akaunganisha maikrofoni, akaunganisha spika kubwa zilizoko nyuma ya ukumbi, akasema maneno mawili tu ya kuwasalimu walimu. Sauti ikatoka imekwaruza, kama mtu mwenye mafua anayeongea ndani ya ndoo. Akadhani ni maikrofoni. Akabadilisha. Ikakwaruza zaidi. Halafu harufu, halafu moshi mwembamba kutoka kwenye bati, halafu kimya. Wenzake walicheka, na mmoja wao akauliza kama ni amplifaya au ni jiko.

Mwalimu Rudia hakucheka. Alikuwa ameunganisha ile mashine yake ya mawimbi, kama televisheni ndogo inayochora mstari wa kijani. Akamwita aone. Kwenye kioo, hata kabla ya kuungua, palikuwa na wimbi nene, la haraka mno. Akamwambia kwamba mashine yake ilikuwa inayumba tangu dakika ya kwanza, ilikuwa inalia kwa sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, na kilio hicho ndicho kilichoichosha ikaungua. Akamwambia tarehe kumi na nane Aprili ndiyo siku ya mwisho. Mnajua alichomalizia nacho. Neno lake lile lile moja.

Mwanangu akasema, "Lakini hapa nyumbani haikulia hata siku moja, sivyo, Mama?"

Nikasema haikulia. Nikaapa. Vuguvugu kila siku. Kisha nikaanza kujiuliza kama kidole changu kilikuwa kinasema kweli.

Baba yake alichelewa kwenda lindoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alimsaidia kufungua skrubu za bati, hakujua anachofungua, lakini alifungua.

Jumanne, 2 Aprili

Transista mpya zimewekwa. Imeimba. Vuguvugu.

Jumatano, 3 Aprili

Imeimba. Vuguvugu. Hili ndilo linalomtesa. Amesema afadhali ingeungua, angalau angemjua mchawi wake. Hapa kwetu ni mzima kabisa, kule anaumwa. Nikasema ni kama watoto, nyumbani wana homa, wakifika kwa daktari wanaruka kamba. Hakucheka. Hata karakanani chuoni kaipeleka, mezani pale inaimba bila shida. Anapiga hesabu mpaka kwenye bahasha za dawa.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimefanya jambo bila kumwambia kwanza. Nimekwenda chuoni kuonana na Mwalimu Rudia.

Nilivaa vizuri, nikabeba mwavuli, nikajipanga maneno njiani. Nikamkuta karakanani, mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, anakunywa chai iliyopoa. Niliyoyapanga yote yalimwagika. Nikamwambia, shikamoo mwalimu, mimi ni mama wa yule wa amplifaya, mtoto hali, mtoto halali, kama ana kosa na wewe nisamehe mimi, lakini umwambie alipokosea.

Akasema marahaba, mama, keti. Akaniuliza kama mwanangu kalia. Nikasema hapana, anapiga hesabu. Akatabasamu, mara ya kwanza na pengine ya mwisho mwaka huu. Akaniambia hesabu zake ni nzuri, ana miaka hajaona mwanafunzi aliyepanga mrejesho wake mwenyewe badala ya kunakili. Kosa lipo, yeye analijua tangu siku ile.

Nikamwambia basi niambie mimi.

"Nikikuambia, utamwambia."

"Sitamwambia, mwalimu."

"Mama, utamwambia kabla hujafunga mwavuli."

Alikuwa kasema kweli. Akasema akimpa jibu, atakuwa amemtengenezea amplifaya moja. Akilipata mwenyewe, atatengeneza zote atakazokutana nazo. Kisha akainama chini ya meza akatoa mzingo mkubwa wa waya mweusi, mnene, akasema ni waya wa spika za ukumbini, ncha zake zimechoka, nimpelekee mwanangu azilehemu upya kwa kuwa mkono wake ni msafi. Kumtuma mtoto kazi za chuo wakati kama huu! Niliubeba ule mzigo begani kwenye mvua, nikimsema njia nzima.

Mwanangu hakufurahi kwamba nilikwenda. Alisema, "Mama, si tulikubaliana uandike?" Nikasema hii haikutosha kwenye mstari. Akalehemu ncha za ule waya, akausukuma chini ya kitanda.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua. Imeimba. Vuguvugu. Simpendi tena huyu msoma habari.

Jumatano, 10 Aprili

Mwenzake mmoja, yule aliyesema jiko, amekuja mpaka mlangoni. Si mtoto mbaya, nilimpa taulo ajifute mvua. Kamwambia mwanangu zipo bodi za amplifaya zilizokwisha tengenezwa, anazo moja nyumbani, aichukue aitie kwenye boksi lake. Nani atafungua boksi? Utafaulu, utafungua duka lako, hizo hesabu utazipiga ukizeeka.

Alipoondoka, mwanangu akaniuliza naonaje.

Nikasema chukua. Niliogopa. Nilimwona anarudia mwaka, nilimwona wifi anasimulia sokoni, nikasema chukua mwanangu, mwenye njaa hachagui sahani.

Aliniangalia. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, kwa upole kabisa, "Hiyo ikisimama jukwaani, Mama, utakuwa umekuja kuangalia nini?" Akarudi upande wake wa meza.

Nimepiga pasi mashati na sikuona hata moja. Kuna jambo nimelitambua, na nililijua tu pasi ilipokuwa imepoa mkononi: nilifikiri najaribu kumwokoa mwanangu, kumbe nilikuwa najiokoa mimi na wasiwasi wangu. Yeye haogopi kurudia mwaka kama anavyoogopa kufaulu kwa kitu cha mtu. Sijui kalitoa wapi hilo. Baba yake anasema si kwake, yeye shuleni alikuwa ananakili mpaka jina la mwenzake.

Ijumaa, 12 Aprili

Imeimba. Vuguvugu. Sikusema kitu siku nzima. Baba yake kaniuliza kama naumwa.

Jumatatu, 15 Aprili

Nitaandika yote, hata yanayonitia aibu.

Baba yake ameshikwa na homa, yuko kitandani tangu jana. Mchana akaamka anataka kusikiliza mpira kwenye redio. Mwanangu alikuwa chuoni. Nikamwambia njoo sebuleni, akasema miguu yake haina habari na sebule. Mtu mgonjwa, unamfanyaje. Nikakumbuka ule waya chini ya kitanda.

Nimemwona mwanangu akiunganisha spika kila siku, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Nikazima, nikafungua zile skrubu mbili, nikafunga waya mrefu mahali pa mfupi, nikauburuta mpaka chumbani, nikaiweka spika miguuni pa mume wangu. Sehemu iliyobaki ya mzingo niliiacha sakafuni hivyo hivyo. Nikawasha.

Mtangazaji akatoka anakwaruza. Kama mwenye mafua, ndani ya ndoo.

Mume wangu akasema huyu mtangazaji naye kapata homa? Mimi nilikuwa nimeshafika mezani. Nikalowesha kidole, nikagusa bati. Tsss. Nikachomoa umeme kwa nguvu mpaka soketi ikatoka na vumbi la ukuta.

Nilikaa chini. Nimeiua. Zimebaki siku tatu na mimi nimeiua kwa ajili ya mpira. Ikapoa. Nikatoa waya mrefu, nikarudisha ule mfupi, spika ikarudi mezani, nikafumba macho, nikawasha. Ikaimba. Safi. Nikangoja, nikagusa. Vuguvugu.

Mume wangu akaniita chumbani. Akasema, "Mama watoto, imepona. Usimwambie. Hajalala vizuri tangu mwezi uliopita, ukimwambia atavunjika kabisa." Na mimi moyo wangu ulitaka hivyo hivyo. Nikauzungusha waya, nikausukuma chini ya kitanda, nikakunja mashuka. Kila kitu mahali pake. Hakuna ambaye angejua.

Lakini niliwaza: huyu mtoto ameniachia mashine hii nimwambie ukweli wake. Nimekuwa nikimwambia vuguvugu, vuguvugu, wiki kadhaa, na yeye anaamini kidole changu kuliko cha mtu yeyote. Leo kimesema tsss, na mimi nikifiche?

Alipoingia sikumngoja avue viatu. Nikamwambia nimeiharibu mashine yako, nilimvutia baba yako spika chumbani asikilize mpira, ikakwaruza, ikachemka, nikazima, sasa inaimba lakini nimeiharibu.

Akasimama mlangoni na maji yanamchuruzika. Akauliza polepole nilitumia waya gani.

Nikamwambia ule wa ukumbini.

Alipita, akaingia chini ya kitanda na baba yake juu yake, akatoka na waya, akaufunga mwenyewe, akawasha. Mafua. Ndoo. Akaniambia niguse. Tsss. Akazima. Akarudisha mfupi: safi. Mrefu: mafua. Mfupi: safi. Nilidhani atalia. Akanikumbatia akiwa na maji yote yale, akaninyanyua kutoka sakafuni, mimi na unene wangu. Akasema, "Umemleta mgonjwa nyumbani, Mama. Umemleta!"

Kisha akanieleza huku anatafuta kalamu. Waya ule mnene una nyuzi za shaba zilizosukwa kuuzunguka wote, na ukiwa mrefu unakuwa kama ndoo ndogo za umeme zilizofichwa njiani. Lazima zijazwe na kumwagwa kwa kila wimbi, na ndiyo maana kijiko kinachelewa. Hapa nyumbani waya ulikuwa wa shubiri mbili, na karakanani hivyo hivyo. Meza ndogo, waya mfupi. Hajawahi kuijaribu mashine ya ukumbi kwa waya wa ukumbi. Akiba aliyoiacha ilitosha meza yetu tu.

Nikamwuliza, na yule mzee, alinibebesha ule waya makusudi?

Akaacha kuandika. Akasema Mwalimu Rudia hajawahi kutuma mwanafunzi kulehemu ncha za waya tangu chuo kijengwe.

Na mimi nilimsema njia nzima, kwenye mvua. Nimwombe radhi wapi.

Jumanne, 16 Aprili

Amezungusha waya mwembamba wa shaba juu ya ganda la kalamu, akalichomoa ganda, pakabaki kamzingo kama nywele ya mtoto. Amekaweka mlangoni pa kutokea, pamoja na kidude kingine, ili ule waya mrefu usiishike mashine shingoni. Na ndani, kati ya vile vidude vyake, kaweka punje moja kubwa kidogo kuliko ya zamani. Amesema hiyo inampunguzia haraka, sauti nyembamba kabisa za juu zitapotea kidogo, lakini afadhali mpole anayefika kuliko mkali anayeanguka njiani. Baba yake amesema hayo maneno ayaandike ukutani, amwonyeshe mkwe atakayekuja.

Waya mrefu: safi. Vuguvugu. Nimegusa mpaka kidole kimechoka.

Jumatano, 17 Aprili

Kaijaribu kwa kuunga na waya mwingine juu ya ule mrefu, mpaka spika ikafika kwa wifi. Wifi kaacha mlango wazi siku nzima. Anawaambia wateja wake, "Hiyo ni ya mtoto wetu." Wakati wa moshi alikuwa mtoto wangu peke yangu.

Alhamisi, 18 Aprili

Wazazi waliruhusiwa kukaa nyuma. Nilikaa karibu na moja ya zile spika.

Aliunganisha. Akasema maneno mawili ya kuwasalimu walimu, na sauti yake ikaja nyuma huku kwangu kama ananisemesha mimi. Mwalimu Rudia hakuridhika. Kaunga waya juu ya waya, kabadilisha spika, kawasha na kuzima, kagongagonga maikrofoni kama anayebisha hodi. Mstari wa kijani niliuona kwa mbali, umetulia. Walimu wengine walianza kuangalia saa. Yeye aliendelea kumtafutia ugonjwa, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba anayekutafutia ugonjwa kwa bidii hivyo hakuchukii.

Mwishowe akamtaka mwanangu aeleze mbele ya wote kwa nini mara ya kwanza iliungua. Mwanangu akaeleza akiba, na kuchelewa, na waya, kwa lugha yao. Mwalimu akauliza ulitambuaje? Mwanangu angeweza kusema kwa hesabu. Akasema, "Mama yangu alimvutia baba spika chumbani asikilize mpira, halafu akaniambia ukweli."

Ukumbi ulicheka, mimi nikatazama miguu yangu. Mwalimu alinitafuta kwa macho mpaka akaniona. Kisha akamgeukia mwanangu.

Hakusema rudia. Alisema, "Ifungwe ukutani."

Jumamosi, 27 Aprili

Leo wahitimu wameagwa. Mvua imepumzika, jua limetoka, na nguo za mji mzima ziko kwenye kamba.

Tulikwenda wote watatu, na wifi wa nne, kavaa kuliko mimi mzazi. Mashine iko kwenye kabati dogo la ukutani kando ya jukwaa, haina jina, haina ua. Mkuu wa chuo alihutubia. Alihutubia kwa muda mrefu sana. Alizungumzia nidhamu, akarudi nyuma akazungumzia historia ya chuo, akarudi kwenye nidhamu. Mume wangu alisinzia, mlinzi naye ana haki yake. Wanafunzi walichezea simu. Mama mmoja mbele yangu alikuwa anahesabu mabati ya dari. Hakuna aliyegeuza shingo kuangalia spika. Hakuna aliyesema sauti inatoka wapi, wala ni safi namna gani, kwa sababu sauti safi haimwiti mtu.

Mimi sikumbuki neno hata moja alilosema yule mkuu. Nilikaa wima mwanzo hadi mwisho, nimefumba macho, nikimsikia mwanangu. Na mkuu alipomaliza, katika ukumbi ule wote, ni mimi peke yangu niliyetamani aanze upya.